Kosa Lisilopiga Kelele

MWANAFUNZI wa shule za Uganda hufundishwa kuliandika neno la Kiingereza lenye maana ya rangi kwa namna ya Waingereza: "colour". Mwenzake aliyeanzia masomo yake Kongo au Burundi amezoea "couleur" ya Kifaransa. Wakikutana mbele ya kompyuta moja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ili wajifunze kutengeneza kurasa za intaneti, wote wawili watakuta kwamba CSS, yaani lugha ya kuzipamba kurasa hizo, hailitambui neno la yeyote kati yao. Yenyewe yataka "color", kwa tahajia ya Kimarekani.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini ubaya wa CSS ni ukimya wake. Lugha hiyo, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwezi Oktoba 1994 na kuidhinishwa Desemba 1996, ina kanuni kwamba kivinjari kikikutana na agizo kisilolielewa, kilipuuze na kuendelea mbele. Kanuni hiyo ina hekima, kwani huuwezesha ukurasa mpya kufunguka hata katika simu kuukuu. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, ni mtego. Ameandika agizo, ukurasa umefunguka, maandishi yamebaki meusi, wala hapana onyo. Atafuta, ataandika tena, ataufungua ukurasa upya, na bando linazidi kuliwa. Akisahau nukta-mkato moja, agizo hilo huharibika pamoja na lile linalolifuata.

Hapo ndipo kihariri, yaani programu ya kuandikia maagizo ya kompyuta, kinapotakiwa kusema. Vipo vihariri vinavyofanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe, navyo huwafaa watu wanaoshirikiana kompyuta wasiyoruhusiwa kuiwekea programu. Lakini kihariri kisichofundishwa CSS ni sawa na daftari: hupokea lolote.

Kukifundisha si kutia rangi maneno tu. Ugumu ni kwamba maandishi yanayoendelea kuandikwa hayajakamilika. Mwandishi amefungua mabano, bado hajayafunga. Je, yote yanayofuata yahesabiwe kuwa makosa? CodeMirror, kihariri alichokianzisha Marijn Haverbeke mwaka 2007, katika toleo lake la sita hutumia kichanganuzi kinachovumilia upungufu huo, tena husoma upya sehemu iliyoguswa badala ya kurudia faili zima. Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya simu au kompyuta ya mwandishi, bila kutuma kitu mtandaoni. Kila lugha huja kama kifurushi cha peke yake, hivyo anayehitaji CSS halazimiki kupakua nyingine. Monaco, kihariri cha Microsoft, ni hodari sana, lakini watengenezaji wake wametamka kwamba hakikukusudiwa kwa vivinjari vya simu. Na kijana mwenye simu pekee amekwisha kuachwa nje.

Kifurushi hicho kina pia orodha ya majina. Mwanafunzi akiandika "col", hupendekezewa "color" kabla hajaifikia "u". Aliyezoea Kifaransa akiandika "cou", ataletewa maneno ya kuhesabia, naye huenda akashtuka. Lakini pendekezo si onyo. Anayeshikilia "colour" yake bado ataachwa aendelee, mpaka mtengenezaji aongeze mkaguzi wa makosa. Kwa maoni yangu, kihariri cha wanafunzi kisicho na mkaguzi huyo hakijakamilika.

Kazi hiyo si lazima ingoje watu wa ng'ambo. Msimbo wa CodeMirror uko wazi kwa yeyote, na mjini Mbarara kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye kitivo cha kompyuta. Maneno ambayo kihariri humwambia mtumiaji nayo yaweza kubadilishwa. Huko Nakivale, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi waliotoka Kongo na majirani zao, basi chini ya neno lililokosewa ingetosha kuandikwa: "Sifa hii haijulikani. Je, ulikusudia color?"