Makazi Binafsi katika Kitovu cha Jiji la Dodoma na Mvuto wa Pembezoni: Mfano wa Kata ya Zuzu

Makala haya yanafafanua kwa nini uendelezaji wa makazi binafsi katika eneo la kati la biashara jijini Dodoma, yaani Uhindini, Madukani, Majengo na maeneo yanayozunguka Uwanja wa Nyerere, haukufuata njia inayotarajiwa kinadharia. William Alonso, katika kazi yake ya mwaka 1964, alieleza kuwa thamani ya ardhi hupanda kadiri mtu anavyokaribia kitovu cha mji, hivyo anayejenga hapo hulazimika kujenga kwenda juu. Nadharia hiyo inachukulia kuwa ajira zimekusanyika katikati. Dodoma haina sifa hiyo.

Chanzo kimojawapo ni umiliki. Baada ya uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ardhi ya eneo hilo iliwekwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mpango Kabambe wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulikusudia mji wa majengo mafupi uliogawanywa katika jumuiya za makazi. Mwendelezaji binafsi naye alikuwa, kisheria, mpangaji wa Mamlaka kwa miaka 33. Kwa maoni yangu, kipengele hiki kimepewa uzito mdogo mno katika mijadala ya mipango miji: nani angewekeza katika ghorofa la makazi ilhali muda wa kurejesha mtaji unakaribia muda wa hati yenyewe? Duka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma lilikuwa chaguo la busara.

Mamlaka ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake kuhamishiwa Halmashauri. Hati za miaka 99 zikafuata. Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Idadi ya watu iliongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 katika sensa ya 2022. Kizuizi kilipoondoka, hata hivyo, mahitaji yalikuwa yameshatawanyika: wizara zilijengewa Mji wa Serikali Mtumba, mashariki mwa jiji, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa nje ya kitovu tangu 2007. Mtumishi anayefanya kazi Mtumba hana sababu ya kulipia bei ya Uhindini.

Ndipo umuhimu wa Zuzu, magharibi mwa jiji, unapoonekana. Pembezoni kama hapa mnunuzi hupata kiwanja cha kujenga kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa fedha zikipatikana. Ujenzi wa namna hii hauhitaji benki. Ghorofa la mjini, hata chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Majengo ya mwaka 2008, linahitaji mtaji wote kwa pamoja.

Gharama ya unafuu huo humwangukia mkulima. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Lakini shamba la uwele huthaminiwa likiwa shamba, kisha huuzwa likiwa viwanja vilivyopimwa. Tofauti kati ya bei hizo mbili haimrudii aliyelilima.