Nilimjua fundi kwa gololi tu, lakini elfu thelathini zikayeyuka!

Msomaji wangu, Ijumaa iliyopita nilitoka nyumbani na shilingi elfu thelathini mfukoni, nikarudi usiku wa manane kwa miguu. Sikuibiwa, sikulewa, wala sikumhonga mtoto wa mtu. Nilibishana! Na ubishi wenyewe ulihusu gololi.

Hela yenyewe ilikuwa ya jasho. Kuna gazeti moja, silitaji, lilichapa makala yangu kuhusu makonda wa daladala bila kuweka jina langu. Nilipouliza nikaambiwa nafasi ilikuwa finyu. Nafasi ya picha ya mnenguaji ilikuwepo, ya jina langu haikuwepo! Nikapewa elfu thelathini zangu, nikameza mate, nikaondoka zangu kuelekea Sinza kutuliza hasira.

Sinza kuna kibanda cha gemu ambako washkaji wanajazana kupigana mabao ya kwenye runinga. Mwenye kibanda tunamwita Bosi, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi. Mimi mpira wa kwenye runinga siuwezi, nafungwa mpaka na watoto wa darasa la nne. Ndiyo maana nikajikalia pembeni kwenye mashine moja isiyo na foleni, ambayo Bosi ameiwekea mchezo unaoitwa pinboli.

Kwa wasioujua, pinboli halisi ni meza ya kioo yenye miguu minne, na ndani yake kuna gololi ya chuma yenye uzito wa gramu 80 hivi. Meza imeinamishwa kidogo kuelekea kwako, kwa hiyo gololi wakati wote inataka kushuka na kupotelea shimoni. Kazi yako ni kuizuia kwa vikono viwili vidogo vilivyo chini, ambavyo vinarushwa na sumaku ya umeme kila unapobonyeza kitufe cha pembeni. Juu huko kuna milima ya kupandisha gololi, mashimo, vizingiti vinavyoipiga teke, na taa kibao. Makao makuu ya mchezo huu ni mji wa Chicago, Marekani. Vikono hivyo vilianza kutumika mwaka 1947, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo ulikuwa unarusha gololi, unaitikisa meza kidogo na kumwomba Mungu.

Mashine ya Bosi siyo meza, ni programu iliyonakili meza za kweli za Chicago, moja baada ya nyingine, na gololi zake zinakwenda kama zilivyokuwa zikienda kule. Ndipo balaa langu lilipoanzia.

MTU WA MBIO

Meza ya kwanza kunichizisha inaitwa The Getaway, ya mwaka 1992. Humo ndani wewe ni dereva unayekimbizwa na polisi. Unabadilisha gia kwa mkono, na kwenye mashine halisi kuna taa nyekundu juu inayozunguka kama ya difenda. Lakini mimi sikuzimikia taa. Nilizimikia jinsi gololi inavyorudi. Unaipiga, inapanda, inazunguka kwa nyuma, inashuka upande wa pili na kukuta kikono chako kikiwa tayari kabisa. Unapiga tena, inarudi tena. Kuna mahali inaingia kwenye duara lenye sumaku, inazungushwa mpaka macho yanashindwa kuifuata, halafu inatemwa. Hakuna kupumzika. Ukikaa dakika kumi mikono inapata mdundo wake, kama mtu anayecheza sebene bila kuhesabu hatua.

Nikajiuliza, ni nani huyu aliyefikiria hivi? Nikasoma, nikakuta jina la Steve Ritchie. Bwana wee! Jamaa kweli aliwahi kukimbizwa na polisi huko California akiwa kwenye Porsche yake, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wengine wangekaa kimya kwa aibu. Yeye kisa hicho akakigeuza kuwa meza, High Speed ya mwaka 1986, na The Getaway ndiyo sehemu yake ya pili. Wapenzi wa pinboli wanamwita mfalme wa mtiririko. Ukishika kitufe, unaelewa kwa nini.

MTU WA VITUKO

Meza ya pili ikawa Funhouse, ya mwaka 1990. Nikaingia kwa mbwembwe nikidhani nitacheza vile vile. Wapi! Pale katikati kuna kichwa cha mwanasesere anayeitwa Rudy. Macho yake yanaifuata gololi, mdomo unaongea, na kazi yake kubwa ni kukukebehi. Saa ya mezani inatembea, ikifika usiku wa manane Rudy anasinzia na mdomo unabaki wazi. Hapo ndipo unamtupia gololi mdomoni, naye anashtuka usingizini kwa hasira!

Lakini ondoa Rudy, bado ungeona tofauti. Humu gololi haitiririki. Inakwenda, inaingia shimoni, inashikwa. Kimya. Unangoja. Mashine inasema neno, halafu gololi inatokea mahali pengine ambapo hukupategemea, na wewe una nafasi ya kupumua na kufikiri: sasa nifanye nini? Ya Ritchie unacheza kwa mwili. Hii unacheza kwa akili na subira, kama bao.

Fundi wake ni Pat Lawlor. Huyu naye ana historia. Mwaka 1989 alitengeneza Earthshaker, meza inayotetemeka kama tetemeko la ardhi. Mwaka 1990, kabla ya Funhouse, akatoa Whirlwind yenye visahani vinavyozunguka chini ya gololi na feni juu inayompuliza mchezaji usoni. Mwaka 1992 akatoa The Addams Family, yenye sumaku zilizofichwa chini ya meza zinazoivuta gololi huku na huko. Hiyo ilitengenezwa zaidi ya 20,000, na katika meza za zama za elektroniki hakuna iliyouzwa kuipita. Unaona tabia ya mtu? Anapenda ardhi isikae sawa chini ya mpira wako.

Basi nikamwambia Bosi: "Bosi, hawa watu wana mwandiko. Nipe meza yoyote ya hawa jamaa, nitakwambia nani kaitengeneza."

Bosi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mdogo wangu, mashine ni mashine. Gololi inapiga chuma, inarudi. Mwandiko utoke wapi? Hiyo ni bahati nasibu tu."

Hapo akanigusa pabaya. Maneno hayo ya bahati nasibu ndiyo yaliyoufanya mji wa New York kuupiga marufuku mchezo huu mwaka 1942, wakavunja meza kwa nyundo. Marufuku ilidumu hadi mwaka 1976, pale mwandishi mmoja aitwaye Roger Sharpe alipoletewa meza mbele ya madiwani na kutakiwa athibitishe kuwa ni ustadi. Akataja kabisa njia ambayo gololi itapita, akavuta, akaachia, na gololi ikapita pale pale. Mwandishi wa magazeti huyo, msomaji wangu, siyo mhandisi! Nami nikajiona ni Sharpe wa Sinza.

"Weka hela mezani," nikasema.

MASHARTI YA BOSI

Meza mbili ambazo sijawahi kuzigusa. Bosi anachagua, anafunika jina la juu kwa kanga ya mkewe, mimi nacheza robo saa kila moja, natamka jina. Nikipata zote, ananipa elfu thelathini na wiki nzima ya kucheza bure. Nikikosa hata moja, zangu zinabaki kwake. Vijana wakaacha mpira wao, wakasogea. Kibanda kizima kikawa kama uwanja wa ndondi.

Meza ya kwanza ilikuwa ya gofu. Majani ya kijani, vibendera, na vijinyama viwili vya mashimoni vinavyochomoza na kukutukana. Michoro hiyo haikunisaidia, maana picha yoyote inaweza kuwekwa juu ya meza yoyote. Nikaacha kutazama picha nikasikiliza mikono. Nikapiga. Gololi ikaingia shimoni, ikashikwa. Kimya. Kejeli. Ikatokea kwingine. Nikapiga tena, mlima wa katikati ukajiinua, gololi ikaruka hewani kama chura! Nikajikuta nacheka peke yangu. Nilikuwa namjua mtu huyu. Ni yule yule wa kukungojesha, kukukebehi, kisha kukuondolea ardhi miguuni.

"Lawlor," nikasema, hata robo saa haijaisha.

Bosi akachungulia simu yake. Akatulia. Akakohoa. "No Good Gofers, mwaka 1997... Pat Lawlor." Kibanda kikalipuka! Dogo mmoja akanibeba mgongoni. Nikajiona nimeshafika kwa mwenye nyumba na kulipa deni.

Meza ya pili ilikuwa ya uvuvi. Maji, samaki, mitumbwi. Nikapiga wa kushoto, gololi ikapanda mlima, ikarudi kwenye kikono. Nikapiga wa kulia, ikapanda, ikarudi. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayepiga kasia akiwahi soko la Feri. Hakuna kusimama! Damu ikachemka, mdundo ule ule wa difenda ukaniingia mabegani.

"Ritchie huyo!" nikapiga kelele na kusimama kabisa. "Lete hela, Bosi!"

Bosi akachungulia simu. Uso ukamshuka. "Fish Tales, mwaka 1992. Ritchie..."

Wee! Kelele zilizopigwa pale jirani alidhani kuna mwizi. Lakini Bosi alikuwa hajamaliza kusoma. Akainua kidole, akatabasamu tabasamu la mkopeshaji.

"Mark Ritchie," akasema. "Wewe wako ni Steve."

Nikahisi miguu inaisha nguvu. Mark ni ndugu wa damu wa Steve! Wote wawili walikuwa mafundi wa meza hizi, na mwaka ule wa 1992 kila mmoja alitoa yake.

Ubishi uliofuata ulichukua karibu saa nzima. Upande wangu walisema nilitamka Ritchie, na Ritchie ndiye, sikutaja jina la kwanza. Upande wa Bosi walisema jioni nzima nimemsifia Steve mpaka na Porsche yake, kwa hiyo niache ujanja. Mwisho mzee mmoja fundi cherehani wa jirani, aliyekuja kuulizia kelele, akaombwa atoe hukumu. Akaniuliza swali moja tu: "Ulipokuwa unacheza, kichwani mwako ulikuwa unamwona nani?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Steve."

"Basi umeliwa," akasema. "Mimi na kaka yangu tulifundishwa kushona na baba mmoja. Mteja wa kawaida hatutofautishi. Lakini anayejidai anajua mkono, lazima atutofautishe."

KILICHONIPITA

Kesho yake nilirudi, roho inauma, nikazicheza zote mbili kwa kupokezana. Kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho. The Getaway ina kikono cha tatu huko juu upande wa kulia. Gololi inazungushwa kwa nyuma na kuletwa pale, na usipokuwa makini inakupita kama basi la mkoani. Fish Tales nilihesabu vikono viwili tu, vya chini. Mbio ni mbio, lakini mmoja anakukimbiza kwenye barabara kuu, mwingine anakupigisha makasia. Nilikuwa nimetambua ukoo, sikumtambua mtu. Elfu thelathini zimekwenda kwa kutohesabu vikono!

Ila jambo moja Bosi hakuweza kulipinga. Mwaka 1999 kampuni ya Williams, iliyotoa Funhouse na The Getaway, ilifunga kabisa kitengo chake cha pinboli. Ungedhani hadithi iliishia hapo. Lakini Lawlor alikuja kutoa Dialed In! mwaka 2017 akiwa na kampuni nyingine, na Ritchie akatoa meza ya Elton John mwaka 2023. Kiwanda kilifungwa, mafundi wakahama na mikono yao. Ni kama Mbaraka Mwinshehe alivyotoka Morogoro Jazz kwenda Super Volcano. Bendi ilibadilika, gitaa tukaendelea kulijua.

Nilipokuwa naondoka, Bosi akaniita. Nikadhani amepata huruma, anataka kunirudishia japo nusu.

"Ile makala ya makonda wa daladala ya wiki iliyopita," akasema, "ilikuwa yako?"

Nikashtuka. "Umejuaje? Haina jina."

"Mdogo wangu, nani mwingine anaandika kurasa nzima kuhusu daladala, na kila aya inaishia kwenye nauli aliyopungukiwa?"

Hela hakurudisha. Lakini nilitembea kutoka Sinza mpaka nyumbani nikitabasamu peke yangu, na nauli, kama ulivyokwisha kuhisi, sikuwa nayo. Tukutane wiki ijayo.