Glasi za zamani za Kifaransa: Utajuaje kama unachouziwa ni cha kweli?

Picha inaonyesha glasi sita zenye bakuli pana na mguu mwembamba, zimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Maelezo ni mstari mmoja tu: kristali ya Baccarat, Ufaransa, miaka ya 1920. Muuzaji anataka hela ya maana, na anasema kuna mteja mwingine anaziulizia.

Matangazo ya aina hii ni mengi kwenye mitandao ya kuuza vitu vya zamani. Mengine ni ya kweli. Mengine muuzaji mwenyewe hajui anauza nini: kazikuta kwenye kabati la bibi, akaweka jina kubwa ili bei ipande. Kabla hujatuma pesa, kuna mambo ya kuangalia.

Ni glasi gani hizi?

Wafaransa wanaiita coupe, kwa matamshi ya Kiswahili kupu. Ni ile glasi ya shampeni ya kwenye filamu za zamani, inayopangwa kama mnara halafu kinywaji kinamiminwa juu kabisa na kushuka hadi chini. Kupu nyingi za zamani ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia, zinabeba kama mililita 120 hadi 180.

Wauzaji wengi watakwambia umbo lake lilichukuliwa kwenye titi la Malkia Marie Antoinette. Stori tamu, ila si kweli. Malkia huyo alizaliwa 1755, wakati asili ya kupu kwa kawaida hutajwa kuwa Uingereza ya karne ya 17. Kinachojulikana ni kwamba kiwanda cha Sèvres kilimtengenezea mabakuli ya kauri yenye umbo la titi, kwa ajili ya nyumba yake ya maziwa kule Rambouillet. Yalikuwa ya maziwa, si ya shampeni. Kwa hiyo ukiona hadithi hiyo imewekwa kwenye tangazo, usiilipie.

Kwa nini zimejaa sokoni?

Kwa miaka mingi kupu ndiyo ilikuwa glasi ya sherehe kwenye nyumba za Wafaransa. Baadaye watu wakahamia kwenye flute, ile nyembamba na ndefu, kwa sababu mapovu yanadumu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reims, akiwemo Gérard Liger-Belair, wamelipima jambo hilo: gesi inatoroka haraka zaidi kwenye kupu.

Basi kupu zikarudi kabatini, zikarithiwa, seti za 12 zikagawanywa kwa watoto. Ni mabaa ya kokteli ndiyo yaliyozirudisha mezani, na wengine leo wanazitumia kwa aiskrimu au saladi ya matunda.

Jina siyo ushahidi

Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Baccarat, kiwanda kilichoanzishwa 1764, kilianza kuchora alama yake kwa asidi kwenye kila glasi mwaka 1936. Kabla ya hapo glasi zilibandikwa karatasi, na karatasi hutoka zikioshwa. Maana yake ni mbili. Glasi isiyo na alama inaweza kuwa Baccarat kweli, lakini muuzaji anahitaji ushahidi mwingine, kama katalogi ya zamani yenye nakshi ileile. Na ile inayoitwa ya “miaka ya 1920” huku ina alama ya asidi chini ya kitako? Muulize maswali.

Nakshi nayo haitoshi kukupa umri. Harcourt, muundo maarufu wa Baccarat, ulianza 1841 na bado unatengenezwa mpaka leo.

Kwa Lalique kuna kidokezo kizuri. René Lalique alipokuwa hai sahihi ilikuwa “R. Lalique”. Alifariki 1945, na baada ya hapo ile herufi R ikaondolewa.

Halafu kuna Cristal d'Arques. Hiyo ni kristali ya Ufaransa kweli, lakini jina hilo lilianza 1968 na glasi zake zinatengenezwa kwa mashine, na kampuni ileile ya Luminarc, jina ambalo makabati mengi ya Dar es Salaam na Nairobi yanalifahamu. Ni glasi nzuri za kutumia. Kuzinunua kwa bei ya Baccarat ndiyo hasara.

Tumia mikono

Kama glasi iko mbele yako, ishike kwenye mguu na uigonge taratibu kwa ukucha. Kristali yenye madini ya risasi inalia kama kengele, mlio unavutika. Kioo cha kawaida kinatoa “tik” fupi.

Kisha pitisha kidole mdomoni mwa glasi, polepole, kutafuta pengo. Zipange zote sita kwenye meza iliyonyooka. Ikiwa moja ni fupi kidogo na mdomo wake uko bapa, huenda ilimeguka na mtu akaisaga kuficha. Tofauti ndogondogo za urefu, lakini, ni za kawaida kwa glasi zilizopulizwa kwa mdomo. Mshono mwembamba unaopanda kwenye mguu unaonyesha ilitoka kwenye kalibu. Na kitako cha glasi ya miaka 100 kinapaswa kuwa na mikwaruzo midogo chini. Kikiwa kisafi kabisa, tia shaka.

Glasi yenye ukungu ni kamari. Ukungu wa chokaa ya maji unatoka kwa siki. Ule wa kioo chenyewe kuharibika hautoki hata ufanyeje.

Ukinunua mtandaoni, omba picha ya mdomo, ya kitako, na video fupi ya muuzaji akiigonga. Asiyetaka kutuma, achana naye.

Suala la risasi

Hili wauzaji wengi hawalisemi. Chini ya sheria ya Ulaya ya 1969, kristali ya risasi ina angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi, na ya daraja la juu asilimia 30. Madini hayo huvuja taratibu kwenye kinywaji, hasa chenye asidi kama divai au juisi ya limau. Kunywa na kumaliza mapema hatari yake ni ndogo. Kuacha kinywaji kikalala humo ndiyo tatizo. Wajawazito na watoto wasizitumie kabisa.

Bei poa iko wapi?

Aliyeko Ufaransa aanze na vide-grenier, magulio ya mtaani ambako familia zinauza vitu vyao. Sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuuza hapo mara mbili tu kwa mwaka, kwa hiyo wengi wanataka kumaliza mzigo. Soko la Saint-Ouen, nje kidogo ya Paris, lina vitu vizuri zaidi, ila pale unakutana na wafanyabiashara wanaojua bei.

Tafuta seti za tano. Wanunuzi wengi wanataka sita, hivyo tano zinabaki mezani na muuzaji anapunguza.

Zikisafirishwa, kila moja ifungwe peke yake. Ukizipokea, zioshe kwa mkono na uzihifadhi zikiwa zimesimama kwa kitako. Ukizipindua, uzito wote unakaa kwenye mdomo, na hapo ndipo palipo pembamba zaidi.