Je, Wajua? Sears Haikutengeneza Bunduki za Sears

Kampuni ya maduka ya Sears, Chicago, iliwauzia Wamarekani bunduki za chapa ya J. C. Higgins, na baadaye Ted Williams, jina la nyota wa besiboli. Kiwanda halisi hakikutajwa. Lakini tazama namba ya modeli iliyogongwa kwenye mtutu, mathalani 583.16: tarakimu zilizo kabla ya nukta humtambulisha mtengenezaji. 583 ni High Standard. 273 ni Winchester. Kwa mfano, Ted Williams 200 kimsingi ni Winchester 1200 iliyobadilishwa jina. Kwa fundi wa bunduki, kumjua mtengenezaji ni jambo kubwa, kwani vipuri hutafutwa kwa jina la kiwanda. Na namba ya modeli si namba ya pekee ya kila bunduki: kabla ya sheria ya Marekani ya 1968 ya kudhibiti bunduki, bunduki nyingi za bei nafuu hazikuwa hata na namba hiyo ya pekee.