Faragha ya Watu Katika Kurasa Ndogo za Intaneti: Mwalimu wa Kiswahili Ajue Nini?

Siku hizi walimu na wanafunzi wengi wa Kiswahili wana kurasa zao wenyewe katika intaneti. Humo huweka muhtasari wa mihadhara, ngano zilizokusanywa uwandani, picha za safari za mafunzo, na hata matokeo ya majaribio. Tunapoulizwa kuhusu sheria za faragha, wengi wetu hujibu kwamba hizo ni za mabenki na kampuni za simu. Ukurasa wetu ni mdogo mno. Katika makala haya tunakusudia kuonesha kwamba jibu hilo si sahihi, kisha tueleze mambo ya kufanya.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Sweden. Mwishoni mwa mwaka 1998, Bodil Lindqvist, aliyejitolea kufundisha katika usharika wake, alitengeneza kurasa za intaneti nyumbani kwa kompyuta yake mwenyewe. Nia yake ilikuwa njema: kuwapa habari waumini waliokuwa wakijiandaa kwa kipaimara. Aliwaeleza wenzake 18, kwa utani kidogo, akitaja majina, kazi zao, na namba za simu za baadhi yao. Kuhusu mmoja aliandika kwamba ameumia mguu na hivyo anafanya kazi nusu ya muda. Hakuomba ruhusa. Aliposikia kwamba baadhi yao hawakupendezwa, aliziondoa kurasa hizo. Hata hivyo alishtakiwa, mahakama ya wilaya ikamtoza faini ya krona 4,000, naye akakata rufaa.

Suala hilo lilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya mjini Luxembourg, ambayo ilitoa uamuzi tarehe 6 Novemba 2003. Kwanza, kumtaja mtu katika ukurasa wa intaneti kwa jina, simu au kazi yake ni kuchakata taarifa binafsi. Pili, habari ya mguu ule ni taarifa ya afya, ambayo hulindwa zaidi. Tatu, msamaha unaotolewa kwa mambo ya mtu binafsi na nyumba yake haufiki kwenye ukurasa ambao watu wasio na idadi wanaweza kuusoma. Kwa maneno mengine, udogo wa ukurasa si kinga. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Je, mambo hayo yanatuhusu sisi? Naam. Hapa Uganda, Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inalinda faragha, na sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inamhusu mtu yeyote, taasisi au chombo cha umma kinachokusanya taarifa za watu nchini. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mwaka 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulisambaza orodha ya alama za darasa zima, tukasahau kuifuta safu ya maelezo. Mbele ya jina la mwanafunzi mmoja palisomeka sababu ya kukosa jaribio: amejifungua. Wazazi wake walikuwa hawajui. Kwa wiki mbili hatukumwona darasani. Tulimwomba radhi, lakini orodha ilikwisha kusambaa katika simu za watu, na hapakuwa na namna ya kuirudisha.

Kutokana na hayo, tunapendekeza hatua zifuatazo:

1. Orodhesha kila unachokusanya: majina, picha, sauti, anwani za baruapepe, na pia habari za wasomaji zinazohifadhiwa na vihesabio vya ukurasa bila wewe kujua.

2. Punguza. Usichokihitaji usikikusanye. Kila mwanafunzi apate alama zake peke yake. Kuweka namba ya usajili badala ya jina hakutoshi, kwani wanadarasa hujuana kwa namba.

3. Omba ridhaa mahususi. Fanani aliyekubali kurekodiwa ngano hajakubali kusikika duniani kote. Mweleze sauti yake itakwenda wapi. Kwa mtoto, mwombe mzazi au mlezi wake.

4. Weka tangazo fupi la faragha: unahifadhi nini, kwa nini, kwa muda gani, na msomaji akitaka taarifa zake zifutwe afanye nini.

5. Linda ulichobaki nacho kwa nywila, na ukifute kikimaliza kazi yake.

Hatua ya nne ni kazi yetu hasa. Matangazo mengi ya namna hii huandikwa kwa lugha ya mawakili. Aidha, istilahi zenyewe zinatofautiana: Tanzania husema "taarifa binafsi", Kenya "data ya kibinafsi". Mwanafunzi wa tafsiri akipewa tangazo moja alifasiri kwa Kiswahili ambacho mama yake sokoni atakielewa, atajifunza istilahi, mtindo na sheria kwa pamoja. Sisi tumeanza na tangazo la idara yetu, na kabla ya kusambaza orodha yoyote tunaisoma safu kwa safu.