Jibu la Kuigiza au Seva Yenyewe?

Mwanafunzi, swali hili huwaangusha wengi kwa sababu wanaandika fasili mbili na kuacha sababu. Tuanze na mfano.

Chukulia unatengeneza programu ya simu kwa ajili ya muuza mafuta ya alizeti hapa Misigiri, kwenye njia panda ya Kiomboi. Abiria yuko ndani ya basi, analipa kwa simu, programu inathibitisha malipo, dumu linapitishwa dirishani. Ikithibitisha kimakosa, dumu litakuwa limeshateremka mlima Sekenke na fedha haijaingia.

Programu yako huiuliza seva ya kampuni ya simu kama malipo yamefanyika. Unapoijaribu, unaweza kuandika jibu la kuigiza, yaani kipande cha programu kinachorudisha jibu ulilolitunga mwenyewe bila kugusa mtandao. Au unaweza kutuma ombi kwenye seva halisi, ama kwenye mazingira ya majaribio yaliyoandaliwa na wenye seva.

Jibu la kuigiza ni la haraka na halili bando. Lakini faida yake kubwa ni kwamba unaleta matatizo wakati unaotaka. Tazama Daraja, huduma ambayo Safaricom ya Kenya iliifungua mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziunganishwe na M-Pesa. Humo, malipo yakishindikana, namba 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, 1037 ni simu yake haikupatikana. Huna haja ya kumsubiri mteja aishiwe chaji. Unaigiza 1037 na kuona programu yako inafanya nini.

Udhaifu wake ni kwamba linajua kile tu unachokijua wewe. Daraja hujibu mara mbili. Kwanza hurudisha 0 yenye maana kwamba ombi limepokelewa, na mteja hajaweka hata namba ya siri. Matokeo ya malipo huja baadaye, kwenye anwani uliyoitoa, na hapo ndipo 0 humaanisha amelipa. Tena sifuri ya kwanza hutumwa kama maandishi, ya pili kama namba, na kwa kompyuta hivyo vinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Aliyeigiza jibu moja tu atafaulu majaribio yake yote, kisha atatoa dumu kwa sifuri ya kwanza.

Kwa hiyo jiulize unajaribu nini. Ujumbe, vitufe na hesabu za programu yako, igiza. Mawasiliano yako na seva, au mambo yanayotokea ndani yake, mathalani wateja wawili kununua dumu la mwisho kwa wakati mmoja, jaribu kwenye seva. Mimi huwashauri wanafunzi wangu waanze na mazingira ya majaribio siku ya kwanza, wahifadhi majibu yaliyorudi, kisha waigize kwa kutumia hayo hayo.

Swali la kujipima: Programu imefaulu majaribio 40 ya kuigiza, lakini mteja wa kwanza amepewa mafuta bila kulipa. Eleza sababu mbili zinazowezekana. (Alama 6)