Saa ya Gereji

Ndani ya gereji ya wakala rasmi wa magari, saa moja haina dakika 60. Ina dakika ambazo kitabu kimeamua. Kitabu hicho, ambacho siku hizi ni programu ya kompyuta, hutoka kwa mtengenezaji wa gari, na humo kila kazi imepangiwa muda wake kwa desimali: hii 0.5, ile 1.2, nyingine 3.4. Fundi akimaliza kazi ya saa 1.2 kwa dakika 40, mteja analipa 1.2. Akisumbuliwa na bolti yenye kutu mpaka adhana ya alasiri, mteja analipa 1.2 vilevile, ingawa kwa gari lenye umri wa miaka 20 hapo ndipo simu ya "bosi, kuna kazi kidogo imeongezeka" inapopigwa.

Mfumo huu si wizi, hata kama ankara yake inafanana nao. Unamkinga mteja dhidi ya fundi mzembe na unamlipa vizuri fundi mwepesi. Usichokionyesha ni kilichomo ndani ya saa yenyewe. Tuseme saa inauzwa Sh 60,000. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kazi ya saa 0.7 inakuwa Sh 42,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika Sh 49,560. Anayeshika spana anapata sehemu ndogo ya fedha hiyo. Iliyobaki inalipa paa, mashine ya kunyanyulia gari, leseni ya programu ya kupimia hitilafu, mafunzo, bima, mshahara wa mpokezi, na zile saa ambazo fundi amekaa bila gari. Hakuna mteja anayekubali kununua saa tupu, kwa hiyo hugawanywa kimyakimya juu ya zile zinazouzwa. Imo pia kahawa ya bure ya pale mapokezi, ambayo huenda ndiyo kahawa ghali kuliko zote mjini.

Hoja nzito ya wakala ni dhamana: peleka gari kwingine, na mtengenezaji atajitoa likiharibika. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo dhamana ipo. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kumfungia mteja dhamana kwa sharti la kutumia gereji au spea zake tu, na mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuzifungulia gereji huru taarifa za matengenezo. Dar es Salaam mzozo huo haujapata wateja. Gari la kawaida la mtaani, Toyota IST ya mwaka 2004 kwa mfano, lilishuka bandarini likiwa limeshatumika miaka kadhaa, na dhamana yake ilibaki Japani.

Kwa hiyo mwenye IST hachagui baina ya wakala na mikono yake mwenyewe. Katikati kuna Gerezani, na mitaa ya Kariakoo inayopakana nayo, ambako spea zimepangwa mpaka barazani na fundi hayuko mbali na duka. Kuna pia zile zinazoitwa gereji bubu, yaani zisizo rasmi, ingawa ni vigumu kupata mahali penye kelele zaidi. Huko kazi ya saa 0.7 inaweza kufanywa kwa sehemu ndogo ya bei ya wakala, na mteja akaona amepona. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo haijajifunza kutoza kazi ya mikono bei ya kutisha.

Lakini ufundi wa bei ya chini si lazima uwe ufundi wa gharama ndogo. Msikilize fundi wakati wa kupatana. "Ufundi tutaelewana, bro. Wewe toa hela ya spea, nina mtu wangu." Sentensi hiyo fupi ndiyo mfumo mzima wa bei. Mteja wa Dar huona ufundi kuwa ni kufungua nati na kuifunga, kitu ambacho hata yeye angekifanya kama asingevaa shati jeupe, kwa hiyo huupiga bei bila huruma. Spea ni chuma, kina boksi na nembo, na mtu huona haya kidogo kubishana na nembo. Fundi, ambaye naye ana kodi ya kulipa, anahamishia ujira wake pale usipopigiwa kelele. Pedi za breki zinanunuliwa kwa bei moja na kuripotiwa kwa nyingine. Tofauti inaitwa cha juu. Mteja aliyeteremsha ufundi kutoka Sh 30,000 hadi 15,000 anaondoka akitabasamu, na ile 15,000 ameiacha dukani.

Hapo hesabu ya kujitengenezea gari inabadilika. Wanaoisifu kazi ya mikono yao husema wanaokoa gharama ya ufundi. Kwa wakala ni kweli. Kariakoo, ufundi unaoonekana ni mdogo mno kuwa sababu ya kuchafua kucha. Kinachookolewa ni haki ya kuchagua spea: kujua ni ipi, imetoka wapi na imelipiwa kiasi gani. Mtu anaweza kuipata haki hiyo na bado akamwachia fundi spana, mradi atangulie kusema kwamba spea ataleta mwenyewe na ufundi utalipwa kamili. Fundi atanuna dakika tano, kisha atataja bei halisi ya jasho lake, na pengine itakuwa mara ya kwanza mteja kuisikia.

Kununua spea kuna elimu yake. Anayefika dukani na kusema "nataka pedi za IST" amemkabidhi muuzaji uamuzi. Ndani ya boneti kuna kibati chenye namba ya chesisi, na mwanzo wake ni msimbo wa modeli: NCP60 ni IST yenye injini ya lita 1.3, NCP61 ni ya lita 1.5, NCP65 ni ile ya 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Kwa msimbo huo hupatikana namba ya spea, ambayo kwa Toyota kwa kawaida ina nafasi 10 zilizokatwa katikati, tano na tano. Aliyeiandika kwenye simu anauliza namba, asiye nayo ataulizwa yeye: "Unataka orijino au orijino kabisa?" Kiswahili cha Gerezani kinakubali viwango kadhaa vya uasilia. Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, ina msamiati mfupi zaidi. Kinga ya kawaida ya mnunuzi ni kwenda na spea ya zamani mkononi, akapima uzito, akalinganisha uzi wa bolti na maandishi yaliyochapwa kwenye chuma, maana boksi ndilo jepesi kuliko vyote kuiga.

Baada ya hapo, zipo kazi ambazo kumlipa mtu yeyote ni ukarimu. Chujio la hewa hufunguliwa kwa klipu. Raba za waipa, balbu, kusafisha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe: hizi hazidai zaidi ya spana namba 10 na uvumilivu. Plagi za injini ya 1NZ, ile ya lita 1.5, zinakaa juu. Ukiondoa kifuniko cha plastiki unaona koili nne, kila moja imeshikwa na bolti moja ya namba 10, na chini yake plagi ya kufunguliwa kwa soketi ya milimita 16. Hatari iko kwenye kufunga. Kichwa cha injini ni alumini, plagi ni chuma. Anza kwa vidole mpaka ikae yenyewe, kisha ikaze kwa kiasi. Anayekaza kwa hasira anakula uzi, na kichwa kilicholiwa uzi hakitengenezwi kwa 0.7 ya saa.

Oili ndiyo kazi inayowaponza wengi, na sababu si ugumu. Injini hiyo inachukua lita 3.7 pamoja na filta, galoni inauzwa ya lita 4, na bolti ya chini inafunguka kwa namba 14. Ila Kariakoo ni maduka chini na makazi juu. Ua haupo. Anayelala chini ya gari Mtaa wa Mkunguni saa nne asubuhi ameziba njia ya guta, mkokoteni, mama mwenye beseni na mwenye duka, na wote watampa ushauri. Jeki peke yake si ya kulalia chini yake. Inahitaji stendi, na tofali halihesabiki kuwa stendi. Kisha zinabaki lita 3.7 za oili chafu. Fundi ana pa kuipeleka, kwa kuwa wapo wanaoipaka kwenye mbao kuzuia mchwa. Mkazi wa ghorofa ya tatu ana mtaro, na mitaro ya huku ina tabia ya kuishia Mto Msimbazi. Kwa oili, basi, fundi hauzi ujuzi. Anauza nafasi, na nafasi ndiyo bidhaa adimu kuliko zote Kariakoo.

Kuna kazi moja ambayo hakuna anayetaka kuilipia, nayo ni kujua gari linaumwa nini. Kwa wakala huandikwa wazi kwenye ankara, na mteja huiona kama kiingilio cha kuangaliwa. Kwa fundi ni bure, na kitu cha bure hufanywa hivyohivyo. Taa ya injini ikiwaka na gari likatetemeka, zinabadilishwa plagi. Likiendelea, koili zote nne. Kisha pampu ya mafuta inaanza kutazamwa kwa jicho baya. Kila hatua ina spea, na kila spea ina cha juu.

Kisomaji kidogo cha hitilafu cha kuchomeka chini ya usukani, kikielewana na gari (baadhi ya magari ya zamani ya soko la ndani la Japani hayazungumzi na vifaa vya bei rahisi), kinaweza kutoa msimbo kama P0301. Maana yake silinda ya kwanza haichomi ipasavyo. Hausemi kwa nini: inaweza kuwa plagi, koili, injekta, hata mgandamizo. Lakini koili ya silinda ya kwanza ikibadilishana nafasi na ya pili, msimbo ukafutwa, gari likazungushwa mtaani na msimbo ukarudi kama P0302, mgonjwa amejitaja. Koili moja ndiyo imekufa, tatu ni nzima. Jaribio hilo linachukua dakika 15 na halihitaji spea hata moja, jambo linaloeleza kwa nini halipendwi sana.

Asiye na kisomaji anaweza kununua kwa wakala saa hiyo moja tu, ya kupima, akaomba majibu kwa maandishi na kuondoka na gari lake. Wapo wanaofanya hivyo: wanatoka na karatasi Barabara ya Nyerere, wanateremka Gerezani kununua koili kwa namba, kisha wanampelekea fundi vyote viwili. Fundi anaisoma karatasi mpaka mwisho, anaikunja vizuri na kumrudishia mwenyewe. Halafu anafungua boneti, anasema washa, anainamisha kichwa kusikiliza, na kuuliza, "Linasumbua likiwa la baridi au la moto?"